UZI: York High School ya Elmhurst, Illinois. Ubingwa wa jimbo mara 28 chini ya kocha mmoja, na hakuna mtoto aliyekuwa anachujwa

Mbio_Nyika (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni wa wapenda riadha, hasa walimu wa michezo na wazazi wenye vijana sekondari, utakuwa mrefu kidogo naomba mnivumilie.

Naishi huku magharibi mwa Chicago, vitongoji vya kaunti ya DuPage, na ukikaa huku halafu ukawa unapenda mbio hata kidogo lazima jina la York litakufikia tu. York Community High School, iko Elmhurst, ni shule ya umma, ya kutwa, haina ada wala mtihani wa kuingia, mtoto anasoma pale kwa sababu nyumba yao iko ndani ya mipaka ya shule basi. Kwa kwetu ningesema ni shule ya kata. Sasa hiyo shule ya kata, timu yake ya wavulana ya mbio za nyika imechukua ubingwa wa jimbo zima la Illinois mara 28 chini ya kocha mmoja, Joe Newton, wa kwanza wakachukua 1962. Mzee alifundisha pale zaidi ya nusu karne, akastaafu baada ya msimu wa 2016 na Desemba 2017 akafariki akiwa na miaka 88.

Mtu akisikia ubingwa 28 anachofikiria haraka ni kwamba walikuwa wanazunguka mitaani kusaka vipaji. Hapana aisee. Shule ya umma huku haina ruhusa ya kwenda kumvuta mtoto wa kitongoji cha jirani eti kwa sababu ana mbio. Newton alichofanya ni kumpokea kila kijana aliyefika mazoezini, awe mnene awe mwembamba, awe ana kasi awe anatambaa, ilimradi anafika kila siku na anafanya kazi aliyopewa. Timu ikawa inafika vijana zaidi ya 200! Wakapewa jina la Long Green Line, kwa sababu jezi zao kijani na wakitoka kukimbia mstari unaanzia huku mkia wake huuoni.

Sasa jiulizeni, kwenye fainali ya jimbo timu inapeleka watu 7 tu. Hawa wengine zaidi ya 190 wanabaki kwa ajili ya nini? Mimi naamini ubingwa wote ule umelala kwa hao 190, na hiyo ndiyo sababu ya uzi huu. Naendelea chini.

binti_wa_Same

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

Mwl_Kizito

Mleta uzi kabla hujaenda mbali tuelezee kwanza wanavyohesabu pointi, maana huku kwetu wengi tunajua mbio za uwanjani tu, wa kwanza dhahabu wa pili fedha. Ya nyika watu 7 inakuwaje?

Mbio_Nyika

Swali zuri mwalimu, bila hilo mengine hayaeleweki.

Timu ina wakimbiaji 7. Wote wanaanza pamoja na timu zingine zote, bastola moja. Mwisho unachukua nafasi walizoshika watano wa kwanza wa timu yako unazijumlisha, na timu yenye jumla NDOGO ndiyo bingwa. Nitoe mfano wa kutunga. Timu A ina vijana watatu hatari sana wanashika nafasi ya 1, 2 na 3, lakini wa nne wao anaingia wa 40 na wa tano anaingia wa 60. Jumla 106. Timu B haina hata mmoja kwenye kumi bora, wao wameingia wa 15, 18, 20, 22 na 24. Jumla 99. B bingwa, na A wanarudi nyumbani na medali zote tatu za mtu mmoja mmoja lakini kombe hawana.

Kwa hiyo mchezo huu unaamuliwa na mtu wako wa tano, wala siyo nyota wako. Na mtu wa tano mzuri unampata wapi? Unampata kwa kuwa na wa sita, wa saba, wa kumi na wa thelathini wanaomsukuma kila jumanne mazoezini. Shule yenye vijana 15 akiumia mmoja msimu umeisha. York akiumia mmoja kuna mwingine alikuwa analala anaota hiyo nafasi.

Na wa sita na wa saba nao wana kazi, pointi zao hazijumlishwi lakini wakiingia mbele ya mtu wa tano wa timu pinzani wanamsukuma nafasi nyuma, jumla ya wapinzani inapanda.

Mwl_Kizito

Hapo nimekusoma vizuri kabisa. Kumbe ni hesabu ya upana.

Kaptula

Sawa lakini mkuu watu 200 kocha mmoja anawasimamiaje? Mimi nina watoto 40 kwenye kipindi cha michezo na kuna wengine mpaka wanamaliza kidato cha nne siwajui majina, nasema ukweli.

Mbio_Nyika

Kaptula hapo umegusa penyewe.

Kwanza hakuwa peke yake, alikuwa na makocha wasaidizi. Ila kuna jambo alilishika mwenyewe na hakumwachia mtu. Mwisho wa mazoezi, kila siku ya Mungu, kijana haendi nyumbani mpaka apite mbele ya Newton. Wanapanga foleni. Unafika unampa mkono, unamwangalia usoni, na yeye anakutaja kwa jina, halafu ndiyo unaondoka. Wengi alikuwa amewabandika majina ya utani, kwa hiyo mtoto wa darasa la tisa ambaye shuleni hana anayemjua, shule yenye wanafunzi zaidi ya elfu mbili, anajua jioni ile lazima kuna mtu mzima mmoja atamshika mkono na kumtaja. Wa kwanza kwenye timu anapita foleni hiyo hiyo, wa mia mbili anapita hiyo hiyo.

Hebu piga picha kijana anayejua hatawahi hata siku moja kuwa kwenye wale saba. Miaka minne! Oktoba baridi imeshaanza, mvua ya rasharasha, wenzake wako ndani wanacheza gemu na yeye anakimbia maili zake kwenye ile njia ya Illinois Prairie Path, ambayo zamani ilikuwa reli ya treni za umeme za kwenda Chicago, sasa hivi wameng'oa reli imebaki njia ya changarawe laini inakatiza Elmhurst hapo katikati. Kinachomtoa ndani mtoto huyo siyo medali. Anajua asipotokea pengo lake litaonekana.

Newton alikuwa na msemo wake, kwamba kuwa mkubwa ni jambo zuri ila kuwa muungwana ni kukubwa zaidi. Alikuwa anawaambia vijana hilo mwaka hadi mwaka na waliosoma pale ukikutana nao, watu wazima wana mvi, bado wanakutajia.

Nyamwezi_Halisi

Mkuu heshima yako lakini mimi naona unapamba. Elmhurst ni kitongoji cha wenye hela. Shule za huko zinajengwa kwa kodi za majengo, nyumba zikiwa za bei shule inakuwa na uwanja, basi, viatu, daktari wa timu. Chukua kocha huyo huyo mpeleke kusini mwa Chicago kwenye shule isiyo na kitu uone kama atapata hizo 28. Wamarekani wanapenda sana hadithi ya kocha mmoja mwenye moyo, kumbe nyuma kuna pesa.

Mbio_Nyika

Nyamwezi hoja yako ni nzito na siikwepi. Ni kweli kabisa, shule za umma Illinois zinategemea sana kodi ya majengo ya eneo husika, na tofauti kati ya kitongoji na kitongoji unaiona kwa macho, unavuka barabara moja tu mazingira yanabadilika. Hilo ni tatizo na linaumiza watoto wengi, sitakaa nilitetee.

Ila angalia majirani wa York. Wapo kwenye ligi moja na Hinsdale Central, Lyons Township, Oak Park, Downers Grove North, Glenbard West. Hizo zote ni shule za vitongoji, zingine zina uwezo mkubwa kuliko York. Kama ni pesa basi hizo 28 zingegawanywa. Wana pesa wote, na wengine wamekuwa wazuri sana kwa vipindi vyao, lakini hakuna aliyekaa juu kwa miongo yote ile.

Pesa imefanya kazi yake sehemu nyingine ambayo watu hawaioni. Kocha wa shule huku mara nyingi ni mwalimu wa pale pale, ana ajira, anapata posho ya ukocha juu ya mshahara, kwa hiyo mtu anaweza kukaa sehemu moja miaka hamsini akalea mpaka watoto wa wale aliowalea. Huo utulivu ndiyo unanunuliwa na kodi. Viatu na jezi ni kitu kidogo, kwenye nyika hata huko kwenye hela mtoto anahitaji raba na njia ya kukimbilia basi.

Nyamwezi_Halisi

Hapo kwenye utulivu wa kocha nakubaliana na wewe. Huku mwalimu wa michezo akianza kupata matokeo anahamishwa.

Kipchirchir_Eld

Salamu kutoka Eldoret. Huu uzi ni moto. Sisi huku tuna St. Patrick's Iten, Brother Colm O'Connell alikuja kutoka Ireland 1976 kufundisha tu na hakuwa mtu wa riadha, si akabaki hapo mpaka leo dunia inamjua, David Rudisha, yule wa mita 800, amepita kwake. Lakini kuna tofauti moja kubwa nimeiona nikisoma hapa. Iten vijana wenye talanta ndio wanatafuta kuingia, na ni boarding. Huyo wa York amechukua yeyote jirani yake. Hiyo ni ngumu zaidi kwa maoni yangu, na mimi ni mtu wa Iten damu.

Swali langu, je hao vijana wa York kuna mwenye alifika mbali ama ni wa shule tu?

Mbio_Nyika

Kipchirchir karibu sana ndugu yangu.

Wapo waliokimbia vyuo vikubwa, ila mimi nitakupa mmoja ambaye nyie wa Bonde la Ufa mtampenda. Marius Bakken wa Norway. Kijana alikuja York kama mwanafunzi wa kubadilishana, akavaa kijani, akarudi kwao na baadaye akaja kufanya mazoezi Kenya, akawa anasoma jinsi Wakenya wanavyofanya mazoezi huku anapima damu yake kuangalia lakteti, kitu kinachopanda kwenye damu ukikimbia kwa nguvu. 2004 akakimbia mita 5000 kwa 13:06.39, rekodi ya Norway wakati huo. Yeye mwenyewe ni daktari sasa, na huu mtindo wa Kinorwe wa kufanya mazoezi ya kizingiti (kasi kali kiasi lakini lakteti haijaanza kupanda ovyo) mara mbili kwa siku, ambao kila mtu anauzungumzia leo, yeye ni mmoja wa waasisi wake. Kwa hiyo kuna mstari unatoka Elmhurst unapita Kenya unaishia Norway.

Mwingine siyo mwanafunzi. 1984 kabla ya Olimpiki ya Los Angeles, Sebastian Coe wa Uingereza alikuja kujifua York. Rafiki yake Newton. Muingereza anashikilia rekodi za dunia anakwenda kujiandaa kwenye sekondari ya kitongoji! Alienda LA akachukua fedha ya mita 800 nyuma ya Joaquim Cruz wa Brazil na dhahabu ya 1500 kwa 3:32.53. Ndiyo huyu huyu Coe ambaye ni rais wa World Athletics, shirikisho la riadha duniani, tangu 2015.

Na 1988 Wamarekani wakamchukua Newton mwenyewe kwenye benchi la makocha wao Olimpiki ya Seoul, akapewa wakimbiaji wa marathoni. Alikuwa kocha wa kwanza wa sekondari kupewa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya Marekani.

Kipchirchir_Eld

Bakken tunamjua! Sikuwa najua mambo ya York. Asante mzee.

dogo_janja_tz

Wakuu samahani, Edward Cheserek si alisoma sekondari Marekani pia? Ile si ndo njia rahisi sasa, mtoto mwenye mbio anaenda kusoma kule

Mbio_Nyika

Cheserek alisoma St. Benedict's Prep ya Newark, New Jersey. Ile ni shule binafsi mdogo wangu, wana utaratibu wao wa kupokea watoto kutoka nje, ndiyo maana alifika pale kutoka Kenya, na alipokwenda chuo cha Oregon alitisha sana. Shule ya umma haifanyi hivyo. Kwenye shule ya umma mtoto anaingia kwa sababu familia yake inaishi pale.

Anayefaa kwenye uzi huu ni Lopez Lomong. Mtoto wa Sudan Kusini, alitekwa vitani akiwa mdogo sana, akatoroka, akakulia kambi ya Kakuma huko Turkana miaka kama kumi. 2001 akapata familia ya kumlea jimbo la New York, akaingia Tully High School, shule ya umma ya mji mdogo karibu na Syracuse, akakimbia nyika na uwanjani pale. 2008 Beijing ndiye aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi. Hakuna aliyemsajili Lomong kwa ajili ya mbio, alipewa familia kwanza, shule ikafuata.

Familia za wakimbizi kutoka Kongo ziko nyingi sana huku sasa hivi, na watoto wao wamo kwenye shule hizi hizi. Mtoto anafika Agosti hajui Kiingereza, hana rafiki, anaambiwa kuna timu ya nyika haina mchujo. Nawaambia wazazi ninaokutana nao kanisani na msikitini, mpelekeni mtoto. Mpira wa kikapu watamchuja, futiboli yao haijui, lakini kukimbia hakuna sheria za kukariri, jumatatu anaanza na jumamosi yuko kwenye mashindano.

binti_wa_Same

Na wasichana je? Uzi mzima wavulana wavulana.

Mbio_Nyika

Dada uko sahihi kabisa na hilo lilitakiwa kusemwa. Mwaka 1962 York wanachukua ubingwa wa kwanza, wasichana Illinois hawakuwa na mashindano ya jimbo ya nyika kabisa. Sheria ya Title IX ilipita 1972, ikasema shule inayopokea pesa za serikali kuu haiwezi kumbagua mtu kwa jinsia, michezo ikiwemo, ndipo milango ikaanza kufunguka taratibu, na mashindano ya kwanza ya jimbo ya nyika kwa wasichana yakafanyika 1979. Wavulana walikuwa wameshatangulia miongo kadhaa. Kwa hiyo kila tunaposifia desturi za zamani za shule hizi tukumbuke nusu ya watoto walikuwa wamekaa pembeni wanaangalia. Leo York ina timu ya wasichana kama shule zote.

Mwl_Kizito

Mkuu ulisema hao wengine zaidi ya 190 hawaendi fainali. Je wanashindana wapi? Maana mtoto wa kufanya mazoezi tu bila kushindana nitamshikilia wiki mbili ya tatu haji.

Mbio_Nyika

Wanashindana sana mwalimu. Kwenye mashindano ya kawaida ya jumamosi hakuna mbio moja, kuna za darasa la tisa, za la kumi, za timu ya pili, za wazi ambazo kila mtu anaingia, halafu ya timu kubwa. Kila mtoto anapata muda wake, anauandika, wiki ijayo anapambana na muda ule. Kijana aliyetoka dakika 24 akashuka mpaka 21 kwa maili tatu anashangiliwa kama kaleta kombe, na nimeshuhudia kwa macho yangu, wazazi wanakimbia kutoka kona hii ya bustani kwenda kona ile ili wamuone mtoto wao anapita mara tatu, mmoja kashika koti la mtoto mwingine kashika kikombe cha kahawa kinamwagika, wanapiga kelele na njuga za ng'ombe.

Fainali yenyewe inafanyika Detweiller Park, Peoria, mapema Novemba. Maili tatu. Mkifika huku mwezi huo nendeni jamani. Ni uwanja wa nyasi mpana tambarare, timu zinapangwa kwenye vyumba vilivyochorwa kwa chokaa, vijana zaidi ya 200 kwenye mstari mmoja, bastola inalia na ardhi inatetemeka unaisikia miguuni, halafu lile pana lote linabanwa kuwa jembamba kabla ya kona ya kwanza. Craig Virgin, mtoto wa mkulima kutoka kusini mwa jimbo, alikimbia pale 13:50.6 mwaka 1972 na ile rekodi ilikaa mpaka 2019. Huyo ndiye baadaye alichukua ubingwa wa dunia wa nyika 1980 na 1981, Mmarekani wa kwanza kwa wanaume.

Na York hawakuishia jimboni. 2004 Nike walianzisha fainali ya kitaifa ya timu za sekondari huko Portland, Oregon, mabingwa wa kwanza wa wavulana wakawa York.

Kaptula

Mimi nimeamua. Muhula ujao naanza na kupeana mikono. Wote 40.

Mbio_Nyika

Anza hata kesho Kaptula, haigharimu kitu. Andika majina kwenye daftari, mtoto akipita weka alama, asiyepita siku mbili mfuatilie nyumbani kuna nini. Na usimtaje wa kwanza kwa sauti kubwa kuliko wa mwisho, watoto wanasikia.

Kipchirchir_Eld

Swali la mwisho mzee, timu mbili zikifungana pointi inakuwaje?

Mbio_Nyika

Wanaangalia mtu wa sita. Timu ambayo wa sita wake ameingia mbele ndiyo inashinda.